Yule mdudu wa kijito cha Ndanda: kabla hujampa jina la bibi

Mkuu, umeuliza kama yule mdudu uliyemwona kwenye kijito chini ya mteremko wa Ndanda, anayejikokota na kijumba cha mchanga, anaweza kuwa spishi ambayo haijawahi kuandikwa, na kama unaruhusiwa kumpa jina la bibi yako. Kuhusu la kwanza, inawezekana kabisa. Kuhusu la pili, jina huja mwisho, tena ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Nimefundisha baiolojia sekondari huku Masasi na likizo zangu nyingi nimezimalizia mitoni nikiwasaidia watafiti wa wadudu wa majini, kwa hiyo ngoja nikueleze kazi yenyewe ilivyo.

Huyo ni buu wa trikoptera, kundi la wadudu ambao ubuu wao huishi majini. Hutoa uzi wa hariri mdomoni na kuunganishia punje za mchanga, vijiti au vipande vya majani mpaka apate nyumba. Wapo pia wasiojenga nyumba ya kutembea nayo. Hao husuka vyavu vidogo kwenye mawe na kungoja mkondo uwaletee chakula. Mdudu akishakomaa utamdhania nondo, ila mabawa yake yamefunikwa na vinyweleo, na akitua huyalaza kwa mteremko pande mbili za mwili. Duniani wameshaelezwa zaidi ya spishi 16,000.

Kwa nini nasema inawezekana? Tazama nchi yetu. Juu ya uwanda wa Makonde ardhi ni ya kichanga, mvua inazama chini na maji yanakuja kutokeza pembezoni mwa mteremko. Wadudu hawa wanataka maji yenye hewa ya kutosha, na wengi wao hawaendi mbali na maji waliyozaliwa. Chemchemi iliyozungukwa na nchi kavu inaweza kuwatenga na wenzao kwa muda mrefu sana. Rondo, kule Lindi, kuna komba mdogo aliyetambuliwa kisayansi miaka ya 1990 tu. Ikiwa mnyama mwenye manyoya na sauti alichelewa kiasi hicho, mdudu wa milimita chache je?

Sasa ugumu wenyewe. Picha ya buu haitoshi kumtangaza, hata iwe nzuri namna gani. Spishi za trikoptera hutenganishwa hasa kwa viungo vya uzazi vya dume aliyekomaa, vilivyo nchani mwa tumbo. Mabuu wa spishi mbili wanaweza kufanana kabisa na madume wao wakawa mbalimbali.

Madume utawapata kwa taa. Wavuvi wetu wa dagaa hutoka na karabai siku za giza, na sisi kijitoni tunafanya vivyo hivyo: shuka jeupe, taa, usiku usio na mwezi, kuanzia jua linapozama. Mdudu anawekwa kwenye spiriti ya asilimia 80. Ukitaka vinasaba vyake vipimwe, tumia ya asilimia 95 au zaidi. Lebo iandikwe kwa penseli na itumbukizwe ndani ya chupa: mahali, majira ya nukta (namba za GPS za mahali hapo), mwinuko, tarehe, jina la mkusanyaji, njia iliyotumika. Wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka kwenye spiriti, na mdudu asiye na lebo hana kazi tena kwa sayansi.

Maabara, tumbo hukatwa na kulowekwa kwenye hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 hadi nyama iyeyuke na kubaki gamba gumu. Linasafishwa, linawekwa kwenye gliserini chini ya hadubini, kisha unachora: ubavuni, juu, chini. Vibano ambavyo dume humshikia jike vina matawi, miiba na mikunjo, na kila mkunjo una maana. Mimi napenda hatua hii kuliko zote, kwa sababu mkono unaochora hulazimisha jicho kuona.

Lakini utaunganishaje dume wa kwenye taa na buu wako wa mchanga? Hapa pana jambo zuri sana. Tafuta pupa, yaani mdudu aliyejifungia kijumbani akigeuka kutoka ubuu kuwa mkomavu, awe wa kiume na aliyekaribia kutoka. Ndani ya kijumba chake mara nyingi bado vimo vipande vigumu vya ngozi ya ubuu, na mwilini mwake viungo vya dume vimeshaumbika. Mtoto na mtu mzima unawapata ndani ya nyumba moja. Vinasaba navyo vinaweza kuwaunganisha, ila njia hii haidai mashine ya gharama.

Baada ya hapo ndipo unalinganisha na waliokwisha kuelezwa, na hapa ndipo miezi inapokwenda. Trikoptera wengi wa Afrika walielezwa na watu wa mbali. Mmojawao ni Georg Ulmer wa Hamburg, aliyekuwa mwalimu wa shule. Kuna orodha ya dunia nzima mtandaoni, lakini michoro ya zamani mingine haitoshi, na inabidi kielelezo chenyewe kiangaliwe makumbusho. Tuliwahi kupata dume mmoja mwenye kibano cha ajabu, na bingwa tuliyemwandikia akakataa kumtangaza mpaka wapatikane wengine, asije akawa ni kilema tu. Aliamua sawasawa.

Akithibitika kuwa mpya, maelezo yanachapishwa kwenye jarida yakisema wazi anatofautiana vipi na ndugu zake, na dume mmoja anateuliwa kuwa holotaipu, kielelezo kinachobeba jina, kihifadhiwe mahali panapotajwa. Bibi yako anaweza kuenziwa: jina lake litaongezewa -ae mwishoni, kwa kuwa ni mwanamke.

Naomba sana usipeleke vielelezo nje kienyeji. Utafiti una kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), msitu wa hifadhi una ruhusa ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na kijiji kina mwenyekiti. Mifupa ya dinosaria ya Tendaguru iliyochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 iko Berlin mpaka leo, na mwanafunzi wa Lindi hana nauli ya kwenda kuiona. Ukishirikiana na bingwa wa nje, kubalianeni mapema, kwa maandishi, kwamba sehemu ya vielelezo itabaki chuo au makumbusho ya hapa nchini.

Kwa sasa rudi kijitoni ugeuze mawe taratibu, utafute vijumba vilivyozibwa mdomo na kugandishwa kwenye jiwe. Hao ndio pupa. Usichukue wote, rudisha mawe yalivyokuwa, kisha weka hapa picha ya kijumba kikiwa kando ya rula.