Je, mwanafunzi wa urabi anaweza kutuongoza kabla hajatawazwa?

SWALI: Shalom, Rabi. Kusanyiko letu la Kiyahudi hapa Kenya ni dogo. Siku ya Shabati tukijitahidi tunafika kumi na wawili. Kijana wetu anasomea urabi ng'ambo, na akija likizo ndiye anayeongoza sala na kutufundisha Torati. Mzee mmoja anasema asisimame mbele mpaka atawazwe. Tena binti yangu anataka huyohuyo amfungishe ndoa. Tufanyeje?

JIBU: Shalom, mama. Kwenye sala, mzee wetu hana hoja. Sala ya pamoja inahitaji watu wazima kumi, haihitaji rabi. Wakitimia, yeyote anayeijua sala na mwenye mwenendo mwema aongoze, hata kama ni fundi baiskeli. Wakiwa tisa, hata awepo rabi mashuhuri, kadishi, sala ya kumsifu Mungu ambayo wafiwa huisema, haisemwi. (Kuhusu kuwahesabu wanawake, fuateni desturi ya kusanyiko lenu. Katika matawi ya Uyahudi, Waothodoksi hawawahesabu, Wakonsavati wengi na Wamageuzi wanawahesabu.)

Ila hofu yake haikutoka hewani. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mijadala ya sheria zetu, katika kitabu chake cha Avoda Zara, inamlaumu mwanafunzi anayetoa hukumu kabla hajafikia kiwango cha kuitoa. Papo hapo inamlaumu pia aliyefikia akakataa kutoa, lakini watu hupenda kunukuu nusu ya kwanza tu! Basi kijana afundishe fungu la Torati la juma, atembelee wagonjwa, awafariji wafiwa. Talaka na kuongoka kwa wageni wanaotaka kuwa Wayahudi asiviguse. Kuongoka kunataka baraza la watu watatu wanaoijua sheria.

Wala hamko peke yenu. Chuo cha marabi cha Hebrew Union, kilichoanzishwa Cincinnati, Marekani, mwaka 1875, kimezoea kuwatuma wanafunzi wake kwenye makusanyiko ya miji midogo isiyo na rabi, na huko ndiko wanakojifunza kuzika na kufariji, mambo ambayo darasa haliyamalizi. Na jirani hapa Uganda, Gershom Sizomu alikuwa akiwaongoza Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, huko Mbale kabla hajaenda kusoma Los Angeles. Alitawazwa mwaka 2008, akarudi kwao Nabugoye. Hakuna aliyesema sala za miaka ya nyuma zilikuwa bure.

Sasa harusi. Kisheria ndoa hutimia kwa pete na mashahidi wawili, si kwa cheo cha anayefungisha. Hata hivyo Talmudi inaonya kwamba asiyezijua vema sheria za talaka na ndoa asijihusishe nazo. Kwa hiyo kijana amwandikie mwalimu wake sasa, ketuba, yaani hati ya ndoa, isomwe na mwalimu huyo kabla ya siku yenyewe, ndipo kijana asimame chini ya hupa, kile kitambaa cha harusi kinachotandazwa juu ya maharusi. Mashahidi wawe watu wanaoshika Shabati, wasio ndugu wa bwana wala bibi harusi, wala ndugu wao kwa wao. Hapo ndipo mtakapopata kazi, maana katika watu kumi na wawili nusu yenu bila shaka ni mashemeji. Anzeni mapema kuomba wageni kutoka Nairobi au Mbale.