Taa ya injini imewaka, usilipe kabla hujajua namba
Pole sana ndugu, umesema taa ya injini imewaka njano, gari linatembea fresh tu ila fundi anataka abadilishe masega, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi, na bei yake imekutoa jasho. Usilipe kwanza. Muulize namba ya hitilafu aliyoiona kwenye mashine ya kupimia gari ni ipi, kama ni P0420 inasema tu masega hayasafishi moshi inavyotakiwa, haisemi yamekufa, inaweza ikawa ekzosi inavuja au sensa ya oksijeni au injini inamisi, yaani haichomi mafuta yote, na yanaenda kuungulia humo ndani ya masega. Mimi nilishabadilishiwa sensa nzima kumbe ni waya tu uliogusa ekzosi, plastiki imeyeyuka shaba inaonekana kwa macho, iliniuma sana aisee. Hata kifuniko cha tenki la mafuta kisipokaza vizuri kinaweza kuwasha taa.

Ila taa ikianza kuwaka na kuzima huku gari linatetemeka, hapo punguza mwendo utafute pa kupaki, maana plagi au koili (inayoipa plagi moto) mbovu ndo inayoua masega yenyewe. Na asikufutie tu namba, taa itarudi. Akibadilisha kitu, mwambie akupe kile cha zamani ukione.