Nimemlea mdogo wangu, sasa nataka kusafiri naye. Mbona ananuna?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Tangu baba alipofariki mimi ndiye niliyesimama na mdogo wangu wa kiume, nikamlipia ada kuanzia sekondari mpaka akamaliza chuo. Mimi niliishia darasa la saba. Sasa ana miaka 24, ajira hajapata, anajishikiza kwa fundi simu pale Makoroboi. Tumevunja kikoba, nimepata 800,000, nikaona twende Kampala siku nne, maana hatujawahi kuvuka mpaka sote wawili. Mimi natamani kufika Namugongo kusali, yeye anataka Jinja akaone mto Nile unapoanzia. Nikimwita tupange anasema, "Wewe ndiye mwenye hela, amua," kisha anatoka. Naogopa tutanuniana ugenini kama tuliporudi harusini Bukoba mwaka jana. Alinuna njia nzima kwenye meli, na mimi nilimpa mpaka hela ya soda mbele ya wajomba. Mama naye anasema hela hiyo ingenunua bati. Nifanyeje?*

*Dada wa Mwaloni*

Marahaba, mwanangu. Kwanza pokea hongera yangu. Kumtoa mtoto sekondari mpaka chuo kwa kuanika na kupima dagaa ni kazi ambayo wazazi wawili wenye mishahara huwashinda. Nakupa hongera hiyo hapa, kwa moyo wote, ili usitafute kuipata kwa mdogo wako mkiwa safarini.

Barua yako ina mambo mengi ya safari, lakini nimerudi mara kadhaa kwenye ile soda. Umeiandika kama ushahidi wa wema wako, nami naamini ulikuwa wema. Sasa keti upande wake. Kijana amevaa suti, amekaa na wajomba zake, labda kwa mara ya kwanza wanazungumza naye kama mwanaume mwenzao. Dada yake anakuja, anafungua pochi, anamwambia, "Shika, kanunue soda." Wewe ulikuwa unampenda. Yeye alisikia ukoo mzima ukitangaziwa kwamba bado ni mtoto. Na angekujibu nini? Viatu alivyovaa ni vyako, ada ni yako, nauli ya meli ni yako. Mtu asiye na nafasi ya kulalamika hubaki na kununa tu.

Kwa hiyo ile kauli ya "wewe ndiye mwenye hela, amua" usiichukue kama jeuri. Anakueleza hali ilivyo. Unamwita mpange pamoja, huku kila shilingi iko kwenye pochi yako na jibu la mwisho unalo wewe. Hapo hamna kupanga.

Ushauri wangu ni huu: mpe sehemu yake ya hela mkononi kabla hamjaondoka Mwanza, na mwachie nusu ya maamuzi. Mengine yote nitakayokuambia yanafuata hapo.

Mtafute siku asiyo na kazi, mkae mbali na nyumbani ili mama asiingilie. Agizeni sato na ugali, mle kwanza. Kisha mwambie kiasi kamili, usifiche hata elfu kumi. "Hizi ni 800,000. Naomba tuzigawe." Toeni nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili, iwekwe pembeni. Toeni ya dharura, hiyo ikae kwako wala isiguswe. Kinachobaki gawaneni sawa kwa sawa. Sawa kabisa, mwanangu, usijipunjie wala usimpunje. Huko Kampala leo analipa yeye chakula cha wote wawili, kesho unalipa wewe. Nataka siku moja katika maisha yenu mhudumu alete bili, na mdogo wako ndiye anyooshe mkono kuipokea.

Najua unachowaza: ataimaliza siku ya pili. Huenda. Hela yenyewe si nyingi, hasara yake ina mwisho, na dharura iko kwako. Akiishiwa, kuna kikomando, chapati zilizokatwakatwa na kuchanganywa na maharage, chakula cha wanafunzi na vibarua wa Kampala, kinashibisha kwa bei ndogo. Mle wote wawili bila maneno. Usimuulize alinunua nini. Hata akirudi na raba mpya, usiulize.

Kuna jambo jingine ambalo sidhani umelifikiria. Kampala watu huzungumza Kiganda na Kiingereza. Kiswahili utakipata, hasa sokoni na kwa wasafirishaji, lakini si kama hapa ambapo unafungua mdomo na kila mtu anakuelewa. Kupanga bei ya chumba, kuuliza gari la Namugongo liko stendi ipi, kumwelewesha bodaboda unapokwenda, mara nyingi itabidi Kiingereza, na mwenye Kiingereza ni yeye. Wewe ndiye uliyekinunua kwa ada yako, sasa mwache akitumie. Ukimkatiza kila anapoongea na wenyeji, au ukisimama nyuma yake ukimkumbusha "mwambie apunguze", safari itaharibika siku ya kwanza. Mkabidhi kabisa shughuli ya kuongea na kuelekeza njia. Naamini utamwona mtu ambaye hujawahi kumwona, na nakutamania siku hiyo.

Sasa hesabu yako, maana imenitia wasiwasi. Umesema hamjawahi kuvuka mpaka, na pasipoti hujaitaja popote. Pasipoti ya kielektroniki ni 150,000 kwa mtu mmoja. Mkiwa wawili ni 300,000, na 800,000 yako imeshuka hadi 500,000 kabla hamjapanda gari. Msitegemee kitambulisho cha NIDA peke yake. Kenya, Uganda na Rwanda ndio walioafikiana raia wao wavuke kwa vitambulisho, sisi hatumo. Visa hamhitaji, kwa kuwa ni raia wa Afrika Mashariki. Ipo pia hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji, ada yake ni ndogo kuliko ya pasipoti. Ila nakukataza jambo moja: usimkatie yeye pasipoti halafu wewe ujifiche kwenye hati ya dharura ili kubana matumizi. Kujinyima ili yeye apate mmekuzoea wote wawili, na ndiko kulikowafikisha hapa. Wote wawili mchukue hati ya aina moja.

Ningekuwa wewe, ningesogeza safari mbele miezi michache na kumwambia kila mmoja ajilipie pasipoti yake. Ndiyo, hata yeye, kwa hela ya Makoroboi. Itamchukua muda, atachelewa, utashikwa na hamu ya kummalizia. Vumilia. Pasipoti hudumu miaka kumi, kijana anayetafuta kazi inamfaa, nawe unayeuza dagaa wanaovuka mipaka itakufaa vilevile. Atakapopanda gari akiwa na kitabu alichokilipia mwenyewe, hatapanda kama mzigo wako.

Katika miezi hiyo mkachanjwe homa ya manjano, maana Uganda hudai cheti chake. Cheti huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo msiende kuchanjwa jana yake. Ukishakipata ni cha maisha.

Siku nne ni chache kuliko unavyodhani. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, ile foleni ya kivuko imetutoka, tunavuka kilomita tatu za maji ndani ya gari. Lakini bado kuna Geita, Biharamulo, Muleba, Bukoba, ndipo Mutukula, na kutoka mpakani hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200 nyingine. Siku moja nzima ya kwenda, siku moja nzima ya kurudi. Mnabaki na siku mbili, na bahati nzuri mna mahali pawili pa kwenda. Siku moja ni yako, siku moja ni yake. Yako uipange wewe, yake aipange yeye, na siku yake ukubali kuwa mgeni.

Siku yako Namugongo. Hapo ndipo wengi wa Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886, na ni nje kidogo tu ya katikati ya jiji, mnafika kwa daladala zao. Usiende wiki ya tarehe 3 Juni kama hela ni ya kubana. Mahujaji huja kwa miguu kutoka mbali, vyumba hujaa, na wewe unataka kusali kwa utulivu.

Siku yake Jinja, kama kilomita 80 mashariki mwa Kampala. Muondoke alfajiri, foleni ya kutoka mjini huchosha. Usiichukulie Jinja kama mchezo wa kitoto. Mwingereza Speke alifika kwenye ziwa letu la Victoria upande huu wa Mwanza mwaka 1858, akadai ndilo chanzo cha Nile, wenzake wakambishia, na ikabidi arudi hadi mwaka 1862 alipoyaona maji yakitoka Jinja. Wenyeji wa huko na huku walikuwa wakilijua ziwa lao siku zote. Lakini mtoto aliyekulia Kirumba, ambaye baba yake na dada yake wameishi kwa maji haya, akitaka kuona yanapoondokea kuelekea Sudan na Misri, hayo ni matamanio ya mtu anayefikiri. Mwombe akueleze. Kaa kimya umsikilize.

Kwenye barabara ya Masaka mtapita Kayabwe, pale pana alama ya mstari wa ikweta kando ya lami. Basi kwa kawaida halisimami kwa ajili ya picha, kwa hiyo mwambie akae dirishani.

Malazi. Yeye ni mwanaume mzima na wewe ni mwanamke mzima. Msilale chumba kimoja ili kuokoa hela. Tafuteni gesti ya kawaida, vyumba viwili vidogo, au hosteli yenye bweni la wanawake na la wanaume. Kama kuna cha kupunguza, punguzeni manunuzi ya zawadi. Kila mtu awe na mlango wake wa kufunga jioni. Mtapendana zaidi asubuhi.

Mpakani mtagongewa mihuri ya nchi zote mbili kwenye jengo moja. Wabadilisha fedha watawazunguka. Badilisheni kidogo tu ya kuwafikisha, nyingine mbadilishe Kampala kwenye duka la fedha, na mzoee noti zao mapema, kwa kuwa wana noti ya 50,000 nasi kubwa yetu ni 10,000, na mtu aliyechoka hujichanganya.

Kuhusu mama: je, nyumba inavuja? Kama inavuja, bati kwanza, safari itasubiri mzunguko ujao wa kikoba, na hapo sitakutetea. Kama haivuji, mwambie kwa heshima kwamba bati lipo kwenye mpango na umtajie mwezi. Usimfiche safari, na usimtume mdogo wako kumbembeleza kwa niaba yako.

Mkiwa njiani, ada usiitaje. Wala "nilivyokuwa nahangaika nawe". Hata kwa utani, hata mkiwa mmecheka vizuri na moyo umekujaa. Anajua. Alikuwa anakuona ukirudi jioni na harufu ya dagaa mikononi, na nadhani nusu ya ukimya wake ni kwamba hajui atakulipa nini. Ukinyamaza kuhusu deni, huenda yeye mwenyewe ndiye atakayelizungumza, na akilizungumza usimkatize kwa "aah, achana na hayo". Muache amalize.

Na inawezekana baada ya yote haya aseme hataki kwenda. Basi usimlazimishe, usimnunie, wala usimnyime alichokuwa anapata nyumbani. Sehemu yake ya hela irudi kwenye akiba, wewe mtafute mwenzako wa kikoba aliye na pasipoti, mwende Namugongo. Mwambie tu tarehe mnayoondoka na kwamba nafasi yake ipo mpaka siku ya kukata tiketi.