Andaa Simu Ukiwa Bado Mtwara: kwa wadogo zangu mnaokwenda kusoma China

Ikifika mwezi wa saba, wazazi wa huku Mtwara na Lindi wenye watoto waliopata nafasi China huanza kunitafuta. Wanauliza koti, wanauliza chakula, wanauliza kama mtoto abebe unga. Koti utanunua kule kule kwa bei nzuri, na unga utakusumbua bure kwenye mizigo. Mimi huuliza simu, na wengi hushangaa.

Ukishatua na kuweka laini ya kule, WhatsApp, Facebook, Instagram, YouTube na karibu huduma zote za Google hazifunguki. Serikali yao imezifungia. Hata lile duka la programu la Google lililomo kwenye simu zetu nyingi za Android halifanyi kazi, kwa hiyo utakachokihitaji kipakue ukiwa bado hapa. Kwa uchache weka WeChat ya kutumiana ujumbe na kulipia, Alipay ya kulipia, ramani ya Amap, na kamusi ya Pleco ambayo inafanya kazi hata bila bando.

Ya kuanza nayo mapema ni WeChat. Akaunti mpya mara nyingi inadai mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe kwa kuskani msimbo wa QR unaotokea kwenye simu yako, na muda wake ni mfupi. Mtafute Mtanzania anayesoma kule, mpange saa, wote muwe mtandaoni. Usimwamshe usiku wa kuamkia safari yako.

Ukiipata, muwekee WeChat mtu mmoja wa nyumbani na umfundishe mpaka aweze kupiga simu ya video bila wewe. Mama mwenye kiswaswadu atakwenda kukaa pembeni ya huyo. Kule wako mbele kwa saa tano: saa nne yako ya usiku, Mtwara ni saa kumi na moja jioni, na huo ndio muda mzuri wa kuwapata wote. Na wapenzi wa Simba na Yanga mjue mapema kwamba mechi ya saa moja usiku ya huku, kule ni saa sita usiku. Nimeona watu wakisinzia vipindi vya asubuhi msimu mzima kwa ajili hiyo.

Laini yako ya Tanzania usiitupe. Namba za uthibitisho za benki na barua pepe zitaendelea kuja humo, na laini isiyotumika muda mrefu hufungwa. Piga *106# uone imesajiliwa kwa nani. Vijana wengi wanatembea na laini ya kitambulisho cha kaka au mjomba. Ikipotea ukiwa ng'ambo, huna pa kuanzia.

Halafu kuna suala la jina, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kule unalipa kwa simu kila mahali, hata kwa muuza viazi vya kuchoma barabarani. Ili simu ilipe, jina lako kwenye benki ya kule, kwenye laini ya kule na kwenye WeChat lazima lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Majina yetu matatu yanawachanganya. Karani mmoja ataanza na la ukoo, mwingine atayaunganisha bila nafasi, na wewe mwenyewe ulikuwa Fatuma kwenye cheti cha kidato cha nne na Fatma kwenye pasipoti. Ukiwa dirishani benki, omba uone alivyoandika kwenye skrini au kwenye fomu kabla hujasaini, uinakili kama ilivyo. Kisha andika hivyo hivyo kwenye WeChat. Nafasi moja ikipungua, kadi inakataliwa na hakuna atakayekwambia kwa nini.

Mpaka hayo yakamilike, tembea na fedha taslimu, noti ndogo ndogo. Masomo huanza Septemba wakati minada ya korosho kwetu huanza Oktoba, kwa hiyo usipange kwamba mzee atatuma akishalipwa na chama cha msingi. Wiki za kwanza ndizo za kulipia bima, ambayo kwa kawaida ni yuani (fedha ya China) 800 kwa mwaka, na kibali cha ukaazi. Hata mwenye ufadhili, posho ya kwanza inaweza kuchelewa.

Darasa zima litakuwa kwenye grupu la WeChat. Huku kwetu ukisoma tangazo ukanyamaza, inaeleweka umekubali. Kule mwalimu anasubiri kila mmoja ajibu "shoudao", yaani nimepokea, na asiyejibu anahesabiwa hajaona. Vilevile punguza ujumbe wa sauti. Mwalimu hawezi kuutafsiri kirahisi kama maandishi, tena unakatika kwenye sekunde 60, nawe bado uko kwenye salamu.

Programu ya kutafsiri ni ya mabango, fomu na maelezo ya dawa. Andika sentensi fupi, na kama Kiingereza chako kiko sawa tumia hicho, kwa sababu Kiswahili kwenda Kichina bado hutoka vituko. Lakini mbele ya mama anayekupakulia wali kantini, simu iende mfukoni. Onyesha kwa kidole, jaribu kutamka, akusahihishe. Hata namba wanazihesabu kwa mkono mmoja: sita ni kidole gumba na cha mwisho vikiwa vimenyooshwa. Siku ya tatu atakuwa anakukumbuka, na huyo ndiye mwalimu wako wa kwanza wa lugha.

Ndugu Waislamu, hifadhini picha ya maandishi ya "qingzhen", yaani halali, kwenye simu. Ndiyo yanayoandikwa kwenye migahawa ya Waislamu, na vyuo vingi vina kantini yao.

Mengine ni mafupi. Omba ofisi ya wageni ya chuo ikuandikie anwani ya bweni kwa Kichina, ipige picha kwa ajili ya dereva wa teksi. Hifadhi 110 ya polisi na 120 ya gari la wagonjwa. Ukipanga nje ya chuo, jiandikishe polisi ndani ya saa 24. Na kama viza yako ni X1, yaani ya masomo ya muda mrefu, una siku 30 tangu kuingia za kuomba kibali cha ukaazi; weka alamu ya siku ya kumi.