Bajeti ya Nyumba Wakati Mwanafunzi ni Wewe

Mwanafunzi asiye na familia akiishiwa fedha anahangaika peke yake. Ukiwa na mwenza, kodi ya nyumba na watoto ambao nao wanadaiwa ada, hesabu ni nyingine kabisa. Mimi nilimalizia shahada nikiwa nalea huku nafanya kazi ya nusu siku, na bajeti yangu yote niliijenga juu ya jambo moja: katika kusoma, gharama kubwa kuliko zote ni kuchelewa kumaliza.

Chukulia umeongeza muhula mmoja. Utalipa ada tena, au walau ada ya kuendelea kusajiliwa. Nauli na intaneti zitaendelea kama kawaida. Halafu ipo gharama ambayo haiandikwi popote: mshahara kamili ambao ungeanza kuupata miezi hiyo na hukuupata. Kwa wengi huo ndio unaouma kuliko ada yenyewe. Ndiyo maana kila nilipotaka kubana matumizi nilijiuliza kwanza kama kubana huko kutanirudisha nyuma. Kujinyima kifurushi cha intaneti katikati ya kuandika tasnifu ni ubahili wa hasara. Kumlipa mtu akae na watoto alasiri mbili kwa wiki ili umalize sura ya tatu ni matumizi ya busara, hata ndugu wakinung'unika kwamba umeanza kujifanya tajiri. Wangu walinung'unika. Sura ikaisha.

Tatizo la pili ni kalenda. Mshahara unaingia kwa mwezi, chuo kinadai kwa muhula, na hapo ndipo nyumba nyingi zinapovurugika: miezi mitatu mnaishi vizuri, wa nne mnakopa. Chukua ratiba ya chuo, andika kila tarehe ya malipo, kisha hesabu kurudi nyuma hadi leo. Ada ya 600 inayotakiwa baada ya miezi 5 ni 120 kila mwezi, kuanzia mwezi huu. Ziondoe siku ileile mshahara unapoingia, ziende kwenye akaunti ambayo hutembei na kadi yake. Ukisubiri kuweka kitakachobaki mwisho wa mwezi, hakitabaki kitu.

Mwaka wa mwisho una mambo yake, na wengi unawakuta wameshachoka mifukoni. Kuna kusafiri kukusanya data, kuchapa hojaji, kuchapa rasimu na kuirudia kila msimamizi akirudisha na kalamu nyekundu, kujalidi nakala za tasnifu, joho la mahafali. Kila kimoja ni kidogo, ila vinakuja kwa mkupuo. Usitegemee kipeperushi cha chuo. Muulize aliyemaliza mwaka jana katika idara yako alitumia kiasi gani hasa, kisha uongeze kidogo.

Sasa mikopo. Mkopo wa masomo wenye riba nafuu ni kitu kimoja, mradi ujue marejesho yanaanza lini na yatachukua kiasi gani cha mshahara. Mikopo ya haraka ni kitu kingine. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi inasikika ndogo, lakini ukiacha irundikane, deni la 100 linafika takriban 314 baada ya miezi 12. Kabla ya kuugusa mkopo wa namna hiyo, nenda ofisi ya fedha ya chuo na uombe kulipa kwa awamu. Nenda kabla tarehe haijapita. Anayekuja mapema husikilizwa tofauti na anayekuja akiwa amezuiwa kufanya mtihani.

Lakini gumu kuliko yote ni mwenza wako, kwa sababu yeye anabeba mzigo wa shahada ambayo jina lake halitaandikwa juu yake. Mwonyeshe tarehe ya kumaliza. Ikisogea, mwambie siku hiyohiyo, asije akaisikia kwa mtu mwingine. Sisi tulikuwa tunakaa na daftari la matumizi kila wiki, watoto wakishalala, dakika chache tu, kwa sababu kikao kirefu cha pesa huishia kuwa kikao cha lawama. Na kila mmoja alikuwa na kiasi chake kidogo ambacho haulizwi amekifanyia nini. Usikifute hata mambo yakibana, kipunguze tu.

Mwisho, usipange bajeti inayoishia siku ya mtihani wa mwisho. Matokeo huchukua muda, kutafuta kazi huchukua muda, na mshahara wa kwanza hulipwa baada ya kufanya kazi, si kabla. Ukiweza, tenga matumizi ya nyumba ya miezi mitatu kwa kipindi hicho. Na kama mahafali yako mbali, ulizia mapema hati ya matokeo ya muda, uanze kuomba kazi nayo.