Wanaume wa chekechea: kabla hujachagua nchi kwa asilimia

Rafiki yangu aliyeko Texas, naye mwalimu wa chekechea, hunipigia simu Jumapili, na lazima tufike palepale: "Ninyi huko Norway mmejaa wanaume." Tumejaa wapi? Kazini kwangu tuko wawili, akina mama kumi na wanne. Lakini hesabu ziko upande wake. Huku, katika kila wafanyakazi kumi wa chekechea, mwanaume ni kama mmoja. Kwao, kwenye walimu mia, utawapata watatu hivi.

Wewe kijana unayeifikiria kazi hii, uliza kwanza nani kahesabiwa. Hesabu ya Norway inabeba na wasaidizi wasio na shahada, nami nilianzia huko. Ile ya Marekani ni ya walimu tu, wasaidizi wana safu yao. Umelinganisha gunia na debe.

Hata ukirekebisha, pengo lipo, sikatai. Wapo watakaokwambia kwamba wanaume wa Marekani wanaogopa kusingiziwa. Mbona huku nako yalitokea? Mwaka 1992 iliibuka kesi ya huko Bjugn, hapa Norway: mfanyakazi mwanaume wa chekechea akatuhumiwa kuwadhalilisha watoto, na 1994 mahakama ikamwachia huru. California walikuwa na kesi ya chekechea ya McMartin, ya tuhuma kama hizo, iliyoanza 1983 ikaisha 1990 bila hata mtu mmoja kutiwa hatiani. Hofu ni ileile pande zote mbili.

Tofauti mimi naiona kwenye pesa na serikali. Norway walijiwekea lengo la asilimia 20 tangu miaka ya 1990. Hawajalifikia mpaka leo, ila kanuni iliruhusu mwanaume apewe kipaumbele akilingana sifa na mwanamke, na sehemu kubwa ya gharama za chekechea hulipwa na umma. Rafiki yangu mshahara wake unatoka kwenye karo za wazazi. Jioni anaendesha teksi.

Sasa suala la nepi, maana hapo ndipo wengi wetu tunaharibu. Chekechea yangu ya kwanza, mkuu aliniambia kwa upole: nepi waachie akina dada, wewe kaa nje na mpira. Nikafurahi, mjinga mimi. Kufika mwezi wa tatu wenzangu wamechoka, mimi nimekuwa mgeni anayecheza na watoto, na mzazi mmoja akaanza kujiuliza kwa nini sisogei huko. Ukikubali kuondolewa, umewapa watu sababu ya kukutilia shaka. Siku hizi nabadilisha kama kila mtu, mlango wazi, huku nikimweleza mtoto ninachofanya.

Nyumbani nako watasema. Mjomba wangu aliniuliza, "Umepanda ndege ukafute watoto kamasi?" Nikamjibu ndiyo, mjomba, na wanalipa.

Kama bado una nia, omba siku mbili za kutazama kazi, na uombe ziwe za Januari. Utamvalisha mtoto wa miaka miwili nguo za sufu, ovaroli, buti na glavu, halafu umfuate anayefuata, mpaka wafike kumi na wawili. Ukimfunga zipu wa mwisho, yule wa kwanza atakuvuta suruali akwambie amebanwa na mkojo.