Wote wanajua isipokuwa mama

Shikamoo Bi Mkubwa.

Mimi ni mwalimu wa kike wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba, mtoto wa tatu kati ya wanne. Baba alishatangulia mbele ya haki. Mama ana miaka 61, na amekuwa akitoka damu. Mwezi uliopita daktari alituambia ana saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya pili, na kwamba matibabu yake yako Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Mama tumemwambia ni uvimbe. Kaka mkubwa anataka tuuze shamba lake la mikarafuu, kwa kuwa "mwisho wake ni letu". Mtoto wa ami aliyeko Maskati ametuma sauti na picha ya mama akiwa kitandani kwenye makundi ya WhatsApp, watu wachange apelekwe India. Zimeshaingia shilingi 1,700,000 kwenye simu ya kaka. Nimeuliza hesabu, nikaambiwa nina roho mbaya. Mama mdogo naye anataka tuanze kwa mganga. Nikubali shamba liuzwe?

Mtoto wa tatu, Wete

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya pili nilikuwa nahesabu watu wanaojua maradhi ya mama yako. Nyinyi wanne. Daktari. Mama mdogo. Mtoto wa ami na makundi yake, na kila aliyetuma elfu mbili, na mke wa kila aliyetuma elfu mbili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nyinyi mmeyatangaza kutoka Wete mpaka Maskati, mkamficha mwenye kuumwa peke yake. Umeniuliza habari ya shamba, nami nitakujibu, ila zamu yake haijafika.

Sisi tulimficha wifi yangu. Kwa miezi mitatu tulimwambia ni vidonda vya tumbo. Tukitaka kuzungumza tunatoka uani, tukitaka kulia tunakwenda jikoni, na yeye akiingia tunanyamaza kama tuliokuwa tukimsengenya. Alikuja kujua kwa mtoto wa jirani, mtoto wa miaka minane, aliyemuuliza kama kweli atakufa. Usiku ule hakutulaumu. Alisema neno moja tu: "Kumbe ni hili. Mie nilidhani mmenichoka." Miaka imepita, na mpaka leo nikisikia watu wakinong'ona uani moyo hunipasuka.

Basi mwambieni. Si usiku, kwa sababu usiku hauna pa kwenda na habari nzito. Ngojea baada ya alasiri, akishasali na kunywa chai yake. Muende wawili, wewe na ndugu yako yeyote asiyelia haraka. Anza kwa kumuuliza: "Mama, wewe unaonaje maradhi haya?" Ukae usikie. Mwanamke wa miaka 61 anayetoka damu, hedhi ilishamkatika zamani, si mtoto mdogo. Sitashangaa ukikuta analijua jambo lenyewe na yeye ndiye anayekuficheni nyinyi. Neno kensa litamke mara moja, wazi, usilizungushe. Halafu mwambie na la pili, ambalo katika barua yako halimo kabisa, sijui kwa nini: hatua ya pili ni hatua ambayo madaktari wanatibu kwa nia ya kuponya. Hawamwiti Dar kumpa dawa ya maumivu tu.

Na kama mnaficha kwa aibu, kwa kuwa wako wanaosema maradhi ya huko ni ya wanawake wasiotulia, hayo yatoeni vichwani. Saratani hii huletwa na kirusi kiitwacho HPV, na watu wengi kwenye ndoa zao za halali hukipata wasijue. Mama kuolewa na mume mmoja maisha yake yote hakumkingi, na kuugua hakumtii doa. Ukitoka hapo ukapimwe na wewe, na dada yako. Kama una binti wa miaka 9 mpaka 14, chanjo yake ipo, ilianza kutolewa nchini kote 2018.

Mganga: hapana. Mama mdogo akitaka kusoma Yasin juu ya kichwa cha dada yake, asome, nami nitaitikia amin. Miti shamba isimcheleweshe mgonjwa hata wiki moja.

Sasa fedha. Kabla ya kuuza hata kikonyo, lazima mjue mnalipia nini. Mionzi ya maradhi haya hupigwa siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi, na kwa kawaida mgonjwa hutundikiwa dripu ya dawa mara moja kwa wiki, kisha kuna mionzi ya ndani, inayowekwa mwilini pale pale penye ugonjwa. Hapo ndipo penye mzigo. Mama hawezi kwenda na kurudi Pemba. Atakaa Dar karibu miezi miwili pamoja na mtu wa kumuuguza, wale, walale, wapande gari asubuhi na jioni. Familia nyingi hujiandaa kwa bili ya hospitali zikaja kushindwa na kodi ya chumba na nauli ya bajaji. Kwa hiyo swali la kwanza kwa jamaa zenu wa Dar lisiwe "mtachanga ngapi". Liwe "nani ana chumba". Chumba cha bure kwa miezi miwili ni mchango mkubwa kuliko laki tatu za mtu wa mbali.

Pili, uliza kama rufaa ya mama imepitia bodi ya madaktari ya Serikali au ni karatasi ya daktari mmoja tu. Havilingani. Rufaa ya Serikali huweza kubebwa na Serikali, karatasi nyingine mnaibeba wenyewe. Wewe ni mtumishi wa umma, umo katika Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, nenda na kitambulisho chako ukaulize mama anaingiaje. Mkifika Ocean Road, mtafuteni afisa wa ustawi wa jamii kabla hamjakwama, mkiwa na barua ya sheha, kiongozi wa mtaa wenu, mkononi. Na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hutoa zaka. Kwenda kuiomba si kujidhalilisha, zaka ina wenyewe, na mgonjwa asiye na uwezo ni mmoja wao.

India mwacheni apumzike nayo huyo wa Maskati. Mionzi ipo Dar, na Ocean Road wana mashine mpya tangu 2018. Ana moyo mzuri lakini anaamua kwa mbali. Mwandikie hivi, bila ukali: "Kaka, Mungu akulipe. Mama anakwenda Dar kama alivyosema daktari. Tunaomba picha yake uifute na uwaombe wengine waifute, hakujua kama inapigwa. Ukiweza, chukua gharama za mtu wa kumuuguza." Mpe kazi moja iliyo wazi. Mtu aliye ughaibuni asiyepewa kazi huja na rai.

Hesabu uliyoidai ni haki. Wala si yako, ni ya yule aliyetuma elfu mbili akabaki bila nauli. Usimwite kaka mwizi, maana hujui, na ukilisema hilo neno halirudi. Pendekeza daftari, na wawili wa kulishika, yeye na dada yenu, na kila Ijumaa jumla iwekwe kwenye kundi: zimeingia kadha, zimetoka kadha, kwa ajili ya kadha. Majina ya waliotoa yasiandikwe. Kaka akikataa daftari, michango inayokuja ipite kwa dada.

Haya, shamba. "Mwisho wake ni letu", alisema kaka. Urithi hauna siku mpaka mtu afe, na mama yako yu hai, ana akili zake. Ile mikarafuu ni mali yake, na kuiuza bila ridhaa yake ni kuuza mali ya mtu. Mkishamwambia ukweli, muulizeni yeye. Akisema uzeni, uzeni, hata kama kuna atakayenuna. Akisema hapana, kuna njia ya kati: kukodisha mikarafuu kwa msimu mmoja, zao likachumwa na mwingine, na ardhi na miti ikabaki yake. Mkarafuu mchanga unaupalilia miaka sita au saba ndipo uuone ukizaa, na mnunuzi akishasikia mna mgonjwa Dar atakupeni bei ya mtu aliyezama. Makubaliano yaandikwe, sheha awepo.

Safari yenyewe muende taratibu, kutoka Mkoani mpaka Unguja, mlale, kesho yake Dar. Mchukulie kanga mbili za ziada, nyeusi au za rangi nzito, na mto mdogo wa kukalia. Akikwambia anataka kukaa nje penye upepo, kaeni nje.